Fundi Aliyeuliza Sauti Ikoje

Fundi hakukubali kuelezwa ugonjwa wa mtambo kwa simu. Ukimpigia ukaanza kusema, "Fundi, prosesa imeanza tena, spika ya kati haitoi," alikukatiza hapo hapo. "Usinieleze! Nitakuja kusikia mwenyewe." Simu inakatwa, nawe umebaki hujui kama anakuja leo, kesho, au akishamaliza kuvuna mananasi yake huko Kiwangwa. Nimeendesha ukumbi wetu wa sinema hapa Bagamoyo kwa miaka mingi, na sehemu kubwa ya miaka hiyo nimekuwa namsubiri mtu huyu. Nikisema alinikera nitakuwa nimempunguzia. Alinichosha, alinifanya nionekane mwongo mbele ya wateja wangu, na mara mbili tatu nililia chooni kwa hasira ili wafanyakazi wasinione.

Prosesa ya sauti, kwa asiyeijua, ni boksi jeusi la bapa lisilo na sura ya maana, linalokaa ndani ya kabati la chuma katika chumba cha mitambo, karibu na projekta. Kazi yake ni kuipokea sauti ya filamu na kuigawa: muziki pembeni, mvua na magari nyuma, maneno ya waigizaji kwenye spika ya kati iliyo nyuma ya pazia. Picha ikififia, watu hukodoa macho wakavumilia. Maneno yakipotea au yakiumiza masikio, hakuna anayevumilia. Na jengo lile ni la familia. Kaka yangu anakaa Dar, mimi nimebaki hapa na vumbi lake, na siku zote kaka alikuwa na mfanyabiashara wake wa saruji anayelitaka liwe ghala. Kila prosesa ilipogoma, saruji ilisogea karibu.

Kwa hiyo Fundi alikuwa ameushika ukumbi wangu mkononi, na alijua. Kutoka hapa mpaka Tanga hakuna aliyeyafahamu maboksi yale kumshinda. Alikuwa ametembea vyumba vya mitambo vya Dar vyote, enzi za mikanda na hizi za kompyuta, na alizungumza habari za kumbi zilizofungwa kama wengine wanavyozungumza habari za wake walioachana nao, kwa masimango na hamu pamoja. Akifika kwetu alivua makubadhi mlangoni mwa chumba cha mitambo, akaingia peku. Hakuna aliyemwamuru. Ukiingia na viatu alikutazama miguu mpaka ukavivua.

Kwanza salamu. Hata watu wakiwa wamekaa gizani wanapiga miluzi, Fundi hakugusa waya kabla hajamaliza salamu.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo? Nyumbani wazima? Kaka yako hajambo huko Dar?"

"Hajambo, Fundi. Watu wanasubiri."

"Na yule mfagizi wenu aliyekuwa anaumwa mgongo?"

Mfagizi aliitwa, akasalimiwa, mgongo ukaulizwa upande ulipokuwa unauma. Nilisimama pale nimeuma meno. Kisha aliketi juu ya ndoo aliyoigeuza, akafumba macho, akasikiliza. Halafu alikuwa na mchezo wake aliouita kuhamisha wagonjwa vitanda. Alichomoa waya wa spika ya kati nyuma ya prosesa, akauchomeka mahali pa ule wa kulia, na wa kulia akauleta kati. "Mgonjwa tumemhamisha," alisema. "Sasa tuone homa imemfuata au imebaki kitandani." Ikiwa sasa ni spika ya kulia iliyonyamaza, basi prosesa ndiyo mbovu. Ikiwa ya kati imeendelea kununa, prosesa haina kosa, tutafute mbele, kwenye amplifaya au kwenye spika yenyewe. Ni jambo jepesi ukishaonyeshwa, lakini nimewaona mafundi wengine wakifungua boksi zima na kulimwaga mezani kabla ya kufanya hivyo.

Siku zake nzuri zilikuwa nzuri kweli, sitamnyima. Jumamosi moja mchana tulikuwa tunaonyesha filamu ya Kihindi, baba mkwe amesimama sebuleni anamkataa mchumba, mara maneno yakakatika. Muziki upo, vyombo vinalia, midomo inacheza, lakini neno hakuna. Ukumbi ukajitafutia maneno wenyewe. "Mahari haitoshi!" mmoja alimsemea baba mkwe. "Na viatu vyako vibaya!" akaongeza mwingine, na watu wakacheka mpaka wakagonga viti. Bahati Fundi alikuwa mjini siku hiyo, amekuja kununua samaki. Akapanda juu na kapu lake, akahamisha wagonjwa wake, akakuta plagi imeota kutu ya kijani kwa sababu ya hewa ya chumvi. Aliisugua kwa spiriti na mswaki wa zamani. Maneno yakarudi msichana anapoanza kulia, na ukumbi mzima ukapiga makofi.

Akateremka, akasimama mlangoni, akawauliza waliokuwa wanatoka, "Sauti ikoje?"

"Nzuri, Fundi! Mashallah!"

Hilo ndilo lilikuwa swali lake. Hakuondoka kamwe bila kuliuliza. Aliwauliza watazamaji, alimuuliza mfagizi, alimuuliza muuza karanga wa nje ambaye hakuwa ameingia ndani. Nilidhani ni kiburi, mtu anatafuta sifa zake kabla ya kwenda kula. Nilimwachia. Nani asiyependa kusifiwa?

Kilichonikera zaidi kilikuwa kufuli. Alilifunga kabati la mitambo kwa kufuli lake mwenyewe, na ufunguo akaenda nao Kiwangwa. Kabati langu, ndani ya ukumbi wangu! Alisema wajuaji wengi wameua mitambo ya watu. Nilimwambia, "Fundi, umeme ukikatika prosesa inasahau mipangilio yake yote. Angalau tuihifadhi kwenye kompyuta, nibonyeze mwenyewe irudi." Akacheka. "Nikiiweka kwenye kompyuta, mimi utaniita wa nini? Nije kunywa kahawa?" Na kweli alipenda kahawa, ile chungu, na kashata mbili. Umeme nao haukuwa na huruma. Ulikatika, prosesa ikasahau, Fundi akaja na basi la kwanza au la mwisho, akaipanga upya kwa masikio yake: kidogo hapa kwenye sauti nene, kidogo hapa kwenye sauti nyembamba. Kipimo hakutaka kukiona. "Kipimo hakiingii sinema," alisema, "anayeingia ni mtu."

Alikuwa mtu wa kupingana na nafsi yake. Maisha yake yote yalikuwa sauti, lakini nyumbani kwake hapakuwa na redio. Nilikwenda mara moja Kiwangwa kumfuata baada ya simu kuita siku nzima bila kujibiwa, nikamkuta ameketi kibarazani, simu iko pembeni yake, inalia ninavyoipiga. Nilisimama nimeishika yangu sikioni, namtazama. Hakugeuka. "Fundi, si hiyo inalia?" nilimwambia kwa hasira. Akaitazama ikiwaka taa. "Simu zina kelele," alisema, "nimezoea kuziacha." Nilimwona mtu wa dharau. Yeye aliyekataa kelele ndiye aliyezungumza na mimi kwa sauti ya kuamsha majirani, na mkewe alimjibu hivyo hivyo, wanapigiana makelele katikati ya mananasi kuhusu chumvi.

Sasa nije kwenye lililoniumiza. Sauti ya ukumbi wetu ilianza kuwa kali. Sikumbuki ilianza lini, kwa sababu haikuja kwa mkupuo. Kila umeme ulipokatika na Fundi akaipanga tena, ikaongezeka ukali kidogo. Mwigizaji akitamka "sisi" au "sasa", ilikuwa ni kuchomwa sindano. Glasi zikigongana kwenye filamu, watoto walilia. Kina mama walianza kujifunga mitandio masikioni. Wengine waliondoka katikati ya filamu kimya kimya, na waliobaki walinikamata mlangoni.

Aliyenisumbua kuliko wote alikuwa jirani yetu muuza vitambaa, mtu mzima, mteja wetu tangu tulipofungua. "Dada," aliniambia, "ile sauti inatoboa ubongo. Jana nimelala kichwa kinavuma. Mwambie Fundi wako."

Nikamwambia. Nilimwambia waziwazi, si kwa mafumbo. "Fundi, watu wanalalamika. Sauti nyembamba zimezidi."

"Nani analalamika?"

"Wengi. Huyu jirani hapa muuza vitambaa."

Fundi akatoka mpaka dukani kwa jirani, mimi nyuma. "Assalaam alaykum."

"Waalaykum salaam, Fundi! Karibu, karibu. Shikamoo."

"Marahaba. Nimeambiwa sauti ya ukumbi ina taabu. Wewe unaionaje?"

Muuza vitambaa alinitazama kana kwamba mimi ndiye niliyetoa siri ya nyumba yake. Halafu akatabasamu. "Nani, mimi? Sauti safi kabisa, Fundi. Nani kama wewe hapa pwani?"

Fundi akanigeukia. Macho yake yaliniita mwongo, nami uso ukaniwaka. Alipokwishapanda basi, nilirudi dukani na nikamwambia muuza vitambaa maneno ambayo siwezi kuyarudia hapa. Unajua alinijibu nini? "Dada, yule ni mzee wa watu. Mimi nitamwambiaje mzee usoni kwamba kazi yake mbaya? Nina adabu zangu." Na wote walikuwa hivyo. Mfagizi, mkata tiketi, kina mama wa mitandio. Mbele yangu ni manung'uniko, mbele ya Fundi ni mashallah. Adabu yetu watu wa mwambao naipenda, nimelelewa nayo, lakini mwaka ule nilitamani kuichukua yote niitupe baharini. Kila mmoja alibaki mtu mwema, na ukumbi ukabaki mtupu.

Kaka akaja kutoka Dar, akakaa katika onyesho moja la Jumapili, akahesabu vichwa. Tulipotoka alikuwa anajisugua sikio. "Nakupa mpaka Idd," alisema. "Idd ukumbi ukijaa, na watu wakakaa mpaka mwisho wa filamu, nanyamaza. Wakitoka katikati kama leo, jengo ni la saruji. Na usinililie."

Mfungo ulikuwa umeshaanza. Nilimpigia Fundi, haikupokewa. Nikaita fundi mwingine kutoka Dar, mwanamke wa makamo mwenye miwani, aliyekuja na kipaza sauti cha kupimia juu ya mguu wa chuma. Nikamwita mchomeleaji wa barabarani, akalikata kufuli la Fundi kwa msumeno. Cheche hazikuwapo nyingi, lakini nilijua nimevunja kitu ambacho hakitafungika tena.

Yule mwanamke alifanya kazi asubuhi yote. Alipiga ule mvumo wa kupimia, shhh ndefu kama mchele unaomwagwa kwenye ungo, spika moja moja. Alikagua plagi, zote safi zinang'aa. Alifungua prosesa, ndani hamna hata vumbi. Akahamisha nyaya, kulia na kati, kama Fundi vile vile. Mwisho akavua miwani.

"Mashine haiumwi," aliniambia. "Nzima kabisa, imetunzwa vizuri sana. Nimeona chache zilizotunzwa hivi."

"Mbona inatutoboa masikio?"

"Imepangwa hivyo. Kuna mtu amepandisha sauti nyembamba kwa mkono, mpaka mwisho wa njia. Amefanya kazi ya uangalifu, kila spika iko sawa na mwenzake." Akafikiri kidogo. "Huyo fundi wenu ana umri gani?"

Nilianza kuihesabu miaka yake, mara nikayakumbuka ya Kiwangwa. Simu iliyokuwa inalia pembeni yake. Mkewe na yale makelele. Yeye hakuwa akiipandisha sauti. Masikio yake yalikuwa yanashuka, naye anaifuata sauti kule inakokimbilia, na sisi wote nyuma yake tunasema mashallah. Nilikaa kwenye ngazi za chumba cha mitambo, na kusema kweli hasira yangu haikuondoka, ila sikujua tena niielekeze kwa nani.

Fundi wa Dar aliishusha sauti mahali pake, akahifadhi mipangilio kwenye kompyuta, akaondoka. Nikaamua Idd ipite kwanza, halafu nitakwenda Kiwangwa nikae na Fundi, sisi wawili tu, nimwambie polepole.

Hakunipa nafasi hiyo. Idd Mosi, onyesho la alasiri, ukumbi umejaa kuliko nilivyowahi kuuona, watoto na nguo zao mpya, kina mama na hina mikononi, mitandio iko mabegani inapostahili kuwa. Hakuna aliyetoka katikati. Kaka yangu alikuwa amesimama nyuma, na hata yeye alikuwa anacheka filamu. Taa zilipowaka nikamwona Fundi. Alikuwa safu ya mbele, amevaa kanzu nyeupe na koti, amekuja bila kuniambia.

Alipotoka ukumbini, pale nje ya mlango, watu wakimpa mkono wa Idd, akamshika muuza vitambaa bega.

"Sauti ikoje leo? Mimi naiona kama imefunikwa blanketi."

Muuza vitambaa, ambaye nilimwona kwa macho yangu akicheka saa nzima bila kugusa sikio, alitikisa kichwa kwa huzuni. "Kweli, Fundi. Leo imefifia."

"Imepoa kabisa," alisema mwingine.

"Zamani ilikuwa na meno," alisema mama mmoja, na huyo alikuwa bingwa wa kujifunga mtandio.

Nilidhani nitapasuka. Fundi akanigeukia, si kwa ukali, kwa upole wa mtu anayekuja kusaidia. "Kuna mtu amegusa mtambo, mwanangu. Usijali. Jumatatu nitakuja niirudishe ilivyokuwa."

Nikamtazama kaka yangu. Yeye aliyetaka kulitia jengo saruji kwa sababu ya sauti ile! Akaweka mkono kifuani. "Ahsante sana, Fundi," alisema. "Karibu Jumatatu."

Basi nikamsogelea Fundi karibu kabisa, nikamshika mkono, nikamwambia kwa sauti ya chini ili tubaki wawili tu, "Fundi, usije. Masikio yako hayasikii tena."

"Eeh?"

"Nasema masikio yako, Fundi."

"Sema vizuri, mwanangu, watu wengi hapa." Akainama, akaniletea sikio.

Hapo ndipo nilipoona nimeshikwa. Jambo lile halikuwa na namna ya kusemwa taratibu. Lingesemwa kwa kelele mbele ya mji mzima siku ya Idd, au lisisemwe, na Jumatatu aje. Nikavuta pumzi.

"Husikii, Fundi!" nilipiga kelele. "Masikio yako yamechoka! Sauti ilikuwa inatuumiza miaka yote! Leo ndiyo iko sawa!"

Mtoto mmoja alikuwa anapuliza puto, akaacha. Kaka yangu akataja jina langu chinichini, jinsi anavyolitaja nikimwaibisha. Fundi akanyanyuka taratibu, akajisawazisha koti. Sikuona hasira usoni mwake, wala mshangao.

"Najua sisikii," alisema. "Ninajua siku nyingi. Kwani nilikuwa nawauliza kwa nini?" Akazungusha macho kwa muuza vitambaa, kwa yule mama, kwa mfagizi aliyekuwa ameshika ufagio wake. "Napandisha kidogo, nauliza. Mkisema nzuri, naiacha. Nikasema, almuradi watu hawa wananisikilizia, kazi itakwenda."

Muuza vitambaa alikuwa anatazama viatu vyake vya Idd. Nilitaka waseme, hata mmoja, nilitaka sana, na nikaona hawatasema kitu.

"Haya," Fundi akanigeukia mimi. "Wewe umesema. Basi niambie. Leo, hii ya leo, ikoje?"

"Nzuri, Fundi," nilimjibu kwa nguvu zangu zote.

Alinitazama mdomo, kisha macho, akarudi mdomoni. Alikuwa anataka kuniamini, niliona anavyotaka. Halafu akatabasamu lile tabasamu la mtu anayesamehe, akanipigapiga mkono, na akaanza kutembea kwenda kituoni. Nilibaki mlangoni natafuta neno jingine la kumwitia, la kumwambia kwamba mara hii ni kweli, na sikulipata.